Wiki 3 Cebu: Mzazi wa Kijapani hulipia nini hasa?

Saa 2:00 asubuhi kengele inalia katika shule moja ya lugha jijini Cebu, katikati ya visiwa vya Ufilipino. Milango midogo inafungwa mmoja baada ya mwingine. Ghorofa nzima imegawanywa kwa mbao nyembamba kuwa vijichumba, na kila kimoja kina meza, viti 2 na ubao mdogo mweupe. Upande mmoja anakaa mwalimu Mfilipino, upande wa pili mwanafunzi mmoja tu. Hakuna mwenzake wa kumjibia, wala hakuna kiti cha nyuma cha kujificha.

Februari na Machi, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Japani ni miongoni mwa wanaojaza vijichumba hivyo. Mwaka wa masomo wa Japani huanza Aprili, hivyo miezi hiyo miwili ni likizo ndefu. Tokyo bado kuna baridi kali, lakini Cebu joto linakaribia nyuzi 30. Ndege kutoka Narita huchukua takribani saa 5, na tofauti ya saa kati ya nchi hizo mbili ni saa 1 tu.

Mmoja wa wanafunzi hao ni binti wa miaka 20 kutoka mkoa wa Saitama, jirani na Tokyo. Anasoma uchumi, mwaka wa pili. Fedha za safari ametoa mama yake, aliyeziweka kidogo kidogo. Baba yake alikuwa na swali moja ambalo huulizwa katika nyumba nyingi za Japani kila likizo hii inapokaribia: wiki 3 zinatosha kujifunza Kiingereza?

Hazitoshi. Hakuna anayejua kazi ya kufundisha lugha atakayemwambia baba huyo vinginevyo. Hata hivyo, familia zinaendelea kulipa, na vyuo vinaendelea kupeleka wanafunzi. Takwimu za JASSO, taasisi ya serikali inayoshughulikia huduma za wanafunzi, zinaonyesha kuwa mwaka 2018 Wajapani waliokwenda kusoma nje kupitia vyuo vyao walizidi 110,000, na zaidi ya nusu yao walikaa chini ya mwezi mmoja. Lazima kuna kitu wanachokinunua.

Miaka mingi ya kusoma bila kusema

Binti huyu hakufika Cebu akiwa hajui Kiingereza. Alikisoma miaka 6 ya sekondari, kisha miaka 2 chuoni. Anaweza kusoma ukurasa wa kitabu cha uchumi na kuuelewa. Ukimpa sentensi yenye kosa la sarufi, atalionyesha haraka kuliko Mwingereza.

Lakini siku ya kwanza mwalimu alipomuuliza, "Jana ulikula nini?" alikaa kimya karibu nusu dakika. Alikuwa anaitengeneza sentensi kichwani. Kwanza kitenzi, kisha wakati uliopita, kisha kile kineno kidogo kinachotangulia nomino. Alipomaliza, aliona kama amechelewa, akatabasamu na kuinamisha kichwa.

Ukimya huo una historia. Mtihani wa pamoja wa kuingia vyuo vikuu nchini Japani hupima kusoma na kusikiliza Kiingereza. Kuzungumza hakupimwi. Serikali ilikuwa na mpango wa kutumia mitihani ya taasisi binafsi ambayo ingepima pia kuzungumza, lakini Novemba 2019 ikauahirisha baada ya malalamiko kwamba watoto wa vijijini na wa familia zenye kipato kidogo wangeonewa. Baadaye mpango huo uliachwa kabisa. Mwalimu wa sekondari mwenye darasa la wanafunzi zaidi ya 30 hufundisha kile kitakachotoka kwenye mtihani.

Kuna pia tabia ya jamii. Wajapani wana msemo wa "kusoma hewa", yaani kuelewa hali ya watu waliopo kabla ya kufungua mdomo. Ni adabu nzuri mezani na kazini. Darasani huzaa kitu kingine: kila mmoja anasubiri mwenzake aanze, na anayeanza vizuri sana anaonekana anajionyesha.

Mzazi wa Tanzania hahitaji maelezo marefu hapa. Amemwona mtoto wake wa kidato cha nne anayefaulu Kiingereza kwenye karatasi, lakini mgeni akimsalimia anacheka na kuangalia chini.

Hofu hiyo si uvivu, na wataalamu wameichunguza kwa muda mrefu. Mwaka 1986, mtafiti wa Marekani Elaine Horwitz na wenzake walitunga kipimo chenye sentensi 33 cha kupima wasiwasi wa mtu anapojifunza lugha ya kigeni darasani. Moyo kwenda mbio mwalimu anapokaribia kukuita na kusahau ulichokijua ni baadhi ya mambo yaliyomo. Mwaka 2002, mtafiti wa Kijapani Tomoko Yashima alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu nchini mwake. Alichokiona ni kwamba hamu ya kujifunza peke yake haimfanyi mwanafunzi azungumze. Katikati panahitajika kujiamini, na kuwa na hamu ya kuufahamu ulimwengu wa nje.

Wiki 3 haziwezi kumpa kijana lugha nzima. Zinachoweza kugusa ni ile hofu.

Kwa nini Ufilipino

Zamani mzazi Mjapani akisikia kusoma Kiingereza nje alifikiria Uingereza, Marekani au Australia. Wengi bado huko ndiko wanakopeleka watoto. Lakini mwanzoni mwa 2021 dola 1 ya Marekani ilinunuliwa kwa yeni 103 hivi. Julai 2024 ilipita yeni 160. Familia ambayo mshahara wake ni wa yeni iliona gharama ya safari ileile ikipanda zaidi ya nusu bila chuo cha nje kuongeza hata senti.

Cebu ina bei nafuu zaidi, na kuna kitu kinachopatikana kwa shida London au Los Angeles: mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, saa kadhaa kila siku. Shule za wawekezaji kutoka Korea Kusini ndizo zilizotangulia kujenga mtindo huo, na Wajapani wakafuata. Mwanafunzi wa kawaida anakuwa na vipindi 6 hadi 8 kwa siku, vingi vikiwa vya ana kwa ana. Analala hosteli ya shule, anakula kantini, na shule nyingi zina saa ya mwisho ya kurudi usiku. Mgeni anayekuja kwa kozi fupi kama hii hupewa kibali maalumu cha masomo kutoka Idara ya Uhamiaji ya Ufilipino, na kwa kawaida shule ndiyo inayomshughulikia.

Walimu wenyewe ni somo. Kiingereza kilienea Ufilipino baada ya Marekani kuvitwaa visiwa hivyo kutoka kwa Hispania mwaka 1898. Mwaka 1901 mamia ya walimu wa Kimarekani walifika kwa meli iliyoitwa Thomas na kusambazwa mashuleni. Leo Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kifilipino. Lakini nyumbani, sokoni na kanisani, watu wa Cebu huzungumza Kisebuano. Mwalimu anayekaa mbele ya mwanafunzi Mjapani amejifunza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu.

Baadhi ya wazazi wa Kijapani huliona hilo kuwa dosari. Wanauliza kwa nini mtoto afundishwe na mtu ambaye hakuzaliwa nacho. Binti wa Saitama naye alikuwa na wazo hilo kwenye ndege. Siku ya tatu alijitahidi akamuuliza mwalimu wake amejifunzaje. Mwalimu alimjibu kwamba alianza shule ya msingi akiogopa, akachekwa, akaendelea. "Mimi bado nakosea," alimwambia. "Wewe umenielewa?" Binti akatikisa kichwa kukubali. "Basi imetosha. Endelea."

Usiku wa siku ya tano

Siku ya tano tumbo lilimchafuka. Usiku alikwenda chooni mara tano, na alfajiri alikuwa ameishiwa nguvu. Alimtumia mama yake ujumbe: "Mama, nataka kurudi nyumbani." Mama yake, akiwa kwenye treni ya kwenda kazini, alimjibu amwambie mtu wa shule haraka, kisha akabaki ameishikilia simu hadi kituo chake kikapita.

Mhudumu wa hosteli alimpeleka zahanati. Wanafunzi wenzake Wajapani walikuwa darasani, hivyo hapakuwa na wa kumtafsiria. Muuguzi alimuita "ma'am" na kumpa kiti. Daktari akaanza kuuliza. Maumivu yako wapi? Yameanza lini? Kuna damu? Umetapika? Una mzio wa dawa yoyote?

Hapo hapakuwa na muda wa kutafuta wakati uliopita wala kineno kinachotangulia nomino. Binti alisema kwa Kiingereza maneno yaliyokuja: tumbo, usiku, mara tano, damu hapana. Alionyesha kwa kidole. Neno "mzio" hakulielewa, akaomba lirudiwe. Daktari alilieleza kwa njia nyingine, akamwambia kama kuna dawa iliyowahi kumfanya awashwe au avimbe. Alielewa, akajibu. Akapewa chumvichumvi za kuchanganya na maji, zile ORS ambazo kila mama anazifahamu, na maelekezo ya kurudi akiona homa au damu.

Sarufi yake siku hiyo ingepata sifuri kwenye mtihani wowote wa Japani. Lakini daktari alijua tatizo, na mgonjwa alijua dawa na namna ya kuitumia. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kusoma Kiingereza, alikuwa amekitumia kwa jambo alilolihitaji kweli, na kikafanya kazi kikiwa na makosa yake yote.

Jumatatu iliyofuata mwalimu alimuuliza kuhusu wikiendi. Hakukaa kimya. Alisimulia zahanati nzima, kwa makosa tele, na mwalimu akamwachia amalize ndipo akarekebisha mambo mawili tu.

Mambo ya afya ambayo brosha haziyasemi

Kisa hicho kinaonyesha pia upande ambao wazazi huusahau wanapolinganisha bei. Kuhara kwa wasafiri ni jambo la kawaida. Maji ya bomba Cebu si ya kunywa bila kuchemshwa au kusafishwa, na barafu ya mitaani ni maji yaleyale. Homa ya dengue ipo, na mbu wake huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Hatari isiyofikiriwa kabisa na kijana wa Kijapani ni kichaa cha mbwa. Japani imeutokomeza ugonjwa huo ndani ya mipaka yake tangu 1957, kwa hiyo vijana wake wamekua wakimwona mbwa wa mtaani kama mnyama wa kupigwa picha. Mwaka 2006 wanaume 2 walifariki Japani baada ya kuumwa na mbwa wakiwa Ufilipino. Ugonjwa huo ukishaanza kuonyesha dalili karibu kila mara huua, lakini huzuilika kwa kuosha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni na kupata chanjo haraka. Kijana aliyeng'atwa hata kidogo lazima aseme. Na ili aseme, lazima awe ameshazoea kufungua mdomo.

Jumamosi kwenye jeepney

Jumamosi vijichumba hufungwa. Wanafunzi hupanda jeepney, magari marefu yaliyopakwa rangi kali ambayo asili yake ni jeep za kijeshi zilizoachwa na Wamarekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Aliyewahi kupanda daladala hatashangaa. Abiria wanakaa wakiangaliana, magoti yanagusana, na nauli hupitishwa mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na chenji hurudi njia hiyohiyo. Anayetaka kushuka hupaza sauti: "Lugar lang!"

Kwa binti wa Saitama, ambaye kwenye treni za Tokyo hata kuongea na simu ni kukosa adabu, kupiga kelele ndani ya gari ilikuwa kazi ngumu kuliko kipindi chochote cha sarufi. Mara ya kwanza alipitwa na kituo. Mara ya pili mama mmoja aliyebeba kapu la mboga alimsaidia kupaza sauti.

Katikati ya jiji kuna msalaba unaohusishwa na Ferdinand Magellan, Mreno aliyefika hapo kwa niaba ya Hispania mwaka 1521. Ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, kisiwani Mactan, kuna sanamu ya Lapulapu, kiongozi ambaye watu wake walimuua Magellan Aprili mwaka huohuo. Hayo ya karne 5 zilizopita binti aliyasikiliza kwa utulivu.

Ya karibu zaidi yalimgusa kwa namna nyingine. Jeshi la Japani liliikalia Ufilipino kuanzia 1942 hadi 1945, na Cebu iliharibiwa vibaya katika vita hivyo. Mwalimu wake alimsimulia, bila hasira, jinsi bibi yake mzaa mama alivyokimbilia milimani akiwa mtoto kwa kuwaogopa askari wa Kijapani. Binti alikuwa amesoma habari za vita hivyo kwenye kitabu cha historia na kujibu swali la mtihani. Hakuwahi kuketi mbele ya mjukuu wa mtu aliyekimbia. Alitafuta neno la kusema, akakosa kwa Kiingereza, akakosa hata kwa Kijapani. Mwalimu alimwambia si lazima aseme kitu.

Lawama zenye ukweli

Si kila safari huwa hivi. Wahadhiri wa Japani wenyewe hulalamika kwamba baadhi ya programu fupi ni utalii uliovishwa sare ya shule. Wanafunzi 20 wa chuo kimoja husafiri pamoja, hulala pamoja, hula pamoja, na nje ya kijichumba huzungumza Kijapani tangu asubuhi hadi usiku. Wanarudi na picha za ufukweni, na Kiingereza chao kimebaki kilekile.

Kuna pia suala la nani anaweza kwenda. JASSO hutoa ruzuku kwa baadhi ya programu, hata za siku 8, lakini haimfikii kila mwombaji. Kijana anayelipa ada kwa kazi ya usiku dukani hawezi kuacha zamu wiki 3. Na kila mtu ana dirisha dogo. Mwaka wa tatu unapofika, wanafunzi wa Japani huanza kuhangaikia ajira, na likizo zinamezwa na mafunzo ya kazini na usaili. Ndiyo maana Februari ya mwaka wa pili inagombewa sana.

Lawama kubwa zaidi inahusu kinachofuata. Ujasiri uliopatikana kwa wiki 3 unaweza kupotea kwa wiki 3. Mwanafunzi akirudi kwenye ukumbi wa watu 200 ambako hakuna anayemuuliza lolote, ukimya wa zamani humrudia.

Kwa hiyo wazazi wanaofaidika na fedha zao huuliza maswali matatu kabla ya kulipa. Kwanza, nje ya darasa mtoto atakaa na nani? Chumba anachokaa na Mkorea au Mtaiwani, ambaye njia yao pekee ya kuelewana ni Kiingereza kibovu cha wote wawili, kina faida kuliko kipindi cha ziada. Pili, akiugua usiku, nani atampeleka hospitali, na bima yake inalipa nini? Tatu, Aprili akirudi, atazungumza Kiingereza na nani?

Swali la tatu ndilo gumu, kwa sababu jibu lake haliko Cebu. Liko nyumbani.

Aprili, Saitama

Mama yake alimpokea Narita. Alimwona amekonda kidogo, amebeba maembe makavu pakiti sita. Njiani hakumuuliza Kiingereza kimefikia wapi. Alimuuliza kama tumbo limepona.

Chuoni kwake kuna meza ya mazungumzo ya Kiingereza saa za mchana, mahali alipopita miaka 2 bila kuingia. Wiki ya kwanza ya Aprili aliingia. Juni masomo yalipobana alianza kwenda mara moja kwa wiki, na wiki nyingine hakwenda kabisa. Lakini alitafuta mwalimu Mfilipino wa mtandaoni, vipindi vya dakika 25, mara mbili kwa wiki, na akavilipia kwa fedha ya kibarua chake cha mgahawani.

Vipindi hivyo huwa usiku, chumbani kwake. Baba yake, aliyeuliza kama wiki 3 zinatosha, hupita koridoni akielekea kuoga. Naye alisoma Kiingereza shuleni miaka 6 na hajawahi kukizungumza. Mlango ni mwembamba. Anachosikia ni binti yake akianza sentensi, akiikosea, akicheka, akiianza upya. Usiku mmoja alisimama hapo na taulo begani, muda mrefu kuliko unaohitajika kupita, ndipo akaenda zake kimyakimya asije akamkatiza.